Kumsomesha Mtoto wa Shule Mliyosoma: Mwongozo Kamili wa Mfuko wa Ufadhili wa Wahitimu

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule za serikali nchini Tanzania ilifutwa kuanzia Januari 2016. Ya kidato cha tano na cha sita ikafutwa kwa bajeti ya mwaka 2022/23. Kabla ya hapo ada ya bweni ilikuwa Sh 70,000 kwa mwaka. Hata hivyo, wahitimu wa shule kongwe bado hukubaliana kwenye kundi lao la WhatsApp "tuwalipie ada watoto kumi", na mkuu wa shule akipigiwa simu anabaki kutafuta namna ya kuipokea fedha hiyo bila kuwavunja moyo.

Kinachomkwamisha mtoto wa kaya maskini siku hizi kimeandikwa kwenye fomu ya kujiunga: godoro la futi mbili na nusu, tranka lenye kufuli, shuka, blanketi, ndoo, sare jozi mbili, sweta, viatu vyeusi, raba, madaftari makubwa, rimu za karatasi, jembe au fyekeo. Juu yake kuna nauli. Mtoto wa Kasulu aliyepangiwa shule iliyoko Songea ana safari ndefu ya kubadilisha mabasi, na mzigo wake unalipiwa mbali na tiketi. Ufadhili wenye maana unaanzia kwenye orodha hiyo.

Mfano tunaoutumia hapa ni shule ya serikali ya bweni ya kidato cha tano na sita, ambako wanafunzi hutoka mikoa yote. Shule ya kata ya kutwa ina hesabu zake, nazo tutazigusa. Shule binafsi na za seminari bado zina ada. Huko kazi ni rahisi zaidi kwa upande mmoja, kwa kuwa ankara ya ada ipo na inalipwa moja kwa moja shuleni, lakini orodha ya godoro na nauli haiondoki.

Pigeni hesabu ya mtoto mmoja hadi amalize

Msianze kwa kuuliza mna shilingi ngapi. Chukueni fomu ya kujiunga ya mwaka huu ya shule yenu, mpitie dukani kitu kimoja kimoja, mwandike bei. Bei zifuatazo ni za mfano wa kupangia tu. Zenu mtazipata sokoni.

Godoro 70,000. Tranka na kufuli 45,000. Shuka jozi mbili na blanketi 55,000. Ndoo mbili, sahani na kikombe 15,000. Sare jozi mbili 80,000. Sweta 20,000. Viatu na raba 50,000. Madaftari, kalamu na mkebe wa hisabati 50,000. Rimu mbili 26,000. Jumla ya vifaa vya kuanzia ni Sh 411,000.

Kisha gharama za mwaka. Anaripoti Julai, anarudi nyumbani Desemba, anakwenda tena Januari, anarudi Juni: safari nne. Kwa 45,000 kila safari ni 180,000. Sabuni, dawa ya meno, taulo za kike, vocha na kunyoa au kusuka, 10,000 kwa mwezi kwa miezi kumi ya masomo, ni 100,000. Fungu la matibabu 50,000. Mwaka wa kwanza unafika Sh 741,000.

Mwaka wa pili hana haja ya godoro wala tranka. Nauli, matumizi na matibabu ni 330,000 ileile. Ongezeni sare moja mpya 40,000, viatu 30,000 na madaftari 50,000. Jumla 450,000. Mtoto mmoja, kuanzia siku anayoripoti hadi anapomaliza mtihani wa NECTA mwezi Mei, anagharimu Sh 1,191,000.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kuamulia kila kitu. Kosa linalojirudia ni kupanga kwa gharama ya mwaka wa kwanza, kuchagua watoto wengi kwa shangwe, kisha mwaka wa pili michango inapopungua kumwacha mtoto katikati. Mtoto aliyeahidiwa akaachwa ana hali mbaya kuliko asiyeahidiwa, kwa sababu mjomba aliyekuwa akimsaidia alishaondoa mkono wake aliposikia kuna wafadhili. Kwa hiyo kanuni iwe hii, na iandikwe kwenye katiba yenu: hachaguliwi mtoto ambaye gharama yake yote ya miaka miwili haiko benki.

Kwa shule ya kutwa ya kidato cha kwanza hadi cha nne, mzigo mkubwa ni chakula cha mchana, umbali na sare. Kama shule imekubaliana na wazazi Sh 1,000 kwa siku kwa makande au ugali na maharage, siku 194 za masomo ni Sh 194,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Sehemu nyingi mzazi hutoa debe la mahindi na kilo kadhaa za maharage badala ya fedha. Nanyi mnaweza kununua mahindi wakati wa mavuno bei ikiwa chini na kuyakabidhi stoo kwa hati ya mapokezi. Kwa anayetembea kilomita saba kwenda na saba kurudi, baiskeli au nafasi ya hosteli huokoa masomo yake kuliko kitabu chochote. Baiskeli iende pamoja na pampu, viraka na fundi mliyeelewana naye, la sivyo itaegeshwa ukutani mwezi wa tatu.

Watu wanne, sahihi tatu, shule iliyokubali

Kamati ndogo inatosha: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mtu mmoja wa ustawi wa wanafunzi ambaye kazi yake ni kuzungumza na watoto na walimu. Huyu wa nne ndiye anayesahaulika, na mfuko usio na mtu wake hujua salio la benki lakini haujui kwamba mtoto wake wa kidato cha tano alirudi nyumbani wiki tatu zilizopita. Afadhali awe mwalimu mstaafu, muuguzi au ofisa ustawi wa jamii. Chagueni kutoka miaka tofauti ya kuhitimu, ili mfuko usiwe wa darasa moja la marafiki.

Akaunti iwe ya benki, kwa jina la umoja wenu, yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa fedha. Kamwe michango isikae kwenye simu ya mtu, hata awe mwaminifu kiasi gani: akifariki au simu ikipotea, mgogoro unahamia kwenye familia yake. Isikae pia kwenye simu ya mkuu wa shule. Mkuu wa shule hupata uhamisho, na mfuko uliotegemea urafiki na mkuu mmoja hufa siku anapokabidhi ofisi.

Ili benki ifungue akaunti hiyo itataka cheti cha usajili. Njia ni kadhaa. Kikundi cha kijamii husajiliwa halmashauri kupitia ofisa maendeleo ya jamii. Hii inafaa umoja wa wilaya moja. Umoja wa wahitimu waliotawanyika nchini husajiliwa kama chama kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337. Bodi ya wadhamini husajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, na hii mtaihitaji siku mtakapomiliki mtaji wa kudumu, kiwanja au jengo. Kuna pia njia ya kuwa asasi isiyo ya kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya 2002. Kwa mfuko unaosomesha watoto watano hatuishauri: taarifa na ada za kila mwaka zitakula muda wa watu wanaojitolea baada ya kazi.

Kabla ya kutangaza chochote, andikeni makubaliano na shule, kurasa mbili tu, na yapite kwenye Bodi ya Shule na nakala iende kwa Ofisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Yataje nani anachagua wanufaika, shule itatoa taarifa gani na lini, nani anapokea vifaa, na nini kinatokea mkuu wa shule au mwenyekiti wenu akibadilika. Makubaliano yaliyopita kwenye Bodi humkuta mkuu mpya yapo kwenye faili. Na fedha yoyote inayoingia kwenye akaunti ya shule inakuwa chini ya taratibu za fedha za serikali, ikiingizwa kwenye mfumo wa serikali wa kielektroniki wa fedha na kutoka kwa taratibu zake. Ni salama, lakini haitoki haraka. Kwa hiyo fedha ya nauli na dharura isipitie huko. Ile ya chakula au michango halali ya shule ndiyo ipitie, kwa namba ya malipo na stakabadhi.

Ahadi na taslimu

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua tofauti ya vitu hivi viwili. Wahitimu 200 wakiahidi Sh 5,000 kwa mwezi, karatasi itaonyesha Sh milioni 12 kwa mwaka. Kwa gharama tulizopiga juu, fedha hiyo ingebeba watoto kumi wapya kila mwaka: kumi wa kidato cha tano kwa Sh 7,410,000 na kumi wa kidato cha sita kwa Sh 4,500,000, jumla Sh 11,910,000. Msipange hivyo. Pangeni kwa asilimia 60 ya ahadi, yaani Sh 7,200,000, na mchague watoto watano. Watano wa mwanzo wanahitaji Sh 3,705,000 mwaka huu, na Sh 2,250,000 mnazitenga siku hiyohiyo kwa ajili ya mwaka wao wa pili. Jumla ni Sh 5,955,000. Inabaki Sh 1,245,000 ya makato ya benki, ziara za nyumbani, vyeti, na mtoto mmoja atakayepatwa na jambo ambalo hakuna aliyeliwazia.

Ukusanyaji unakwenda vizuri zaidi kwa miaka ya kuhitimu. Kila mwaka uwe na mratibu wake anayewajua wenzake kwa majina ya utani ya bwenini. Ujumbe wake unajibiwa, wa katibu mkuu unapitwa. Tumieni Lipa Namba ya umoja au namba ya akaunti, na mwekaji aandike mwaka wake kwenye maelezo ya malipo. Aliyeko Muscat au London afadhali atume mara moja kwa mwaka, kwa kuwa makato ya kutuma kidogo kidogo hula sehemu kubwa ya mchango. Kila tarehe 5 ya mwezi picha ya taarifa ya benki iwekwe kundini, ikiwa na kilichoingia, kilichotoka na salio. Msiweke orodha ya wasiochanga. Inaleta fedha mwezi mmoja na inaondoa watu moja kwa moja.

Msijione wanyonge kama shule yenu ni ya kata na wahitimu wake wakubwa ndio kwanza wana miaka thelathini na kitu. Shule kama Tabora, Ilboru, Kilakala au Pugu zina wahitimu wenye vyeo, lakini mchango mkubwa wa mtu mmoja hukoma siku anapostaafu au kununa. Elfu tano za walimu, wauguzi, mafundi na madereva mia mbili ni fedha inayotabirika.

Kampuni ikitaka kuchangia, mweka hazina ajue kwamba kifungu cha 16 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kinaruhusu makato ya misaada ya kijamii hadi asilimia 2 ya mapato ya biashara, na kwamba Mamlaka ya Elimu Tanzania, inayosimamia Mfuko wa Elimu wa Taifa, ina utaratibu wake kwa wachangiaji. Mhasibu wa kampuni atauliza hati zenu za usajili na risiti kabla ya kitu kingine chochote.

Mtaji wa kudumu ni wa baadaye, lakini hesabu yake ni nzuri kuijua. Hatifungani za serikali (hati za kuikopesha serikali kwa riba) zinazouzwa na Benki Kuu hupokea maombi kuanzia Sh milioni moja, na riba yake hulipwa kila baada ya miezi sita. Mkiwa na Sh milioni 75 kwenye hatifungani yenye riba ya asilimia 12, mkatumia asilimia 8 na kuirudisha asilimia 4 kwenye mtaji ili mfumuko wa bei usiumomonyoe, mnapata Sh milioni 6 kila mwaka: watoto watano, milele. Msipange kwa riba ya juu mliyoisikia kwa mtu. Hatifungani mpya za miaka 25 zilishuka kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56 mwaka 2022, na mfuko uliokuwa umejipangia ya zamani ungelazimika kupunguza watoto.

Mhitaji mkubwa hajafika shuleni

Hapa ndipo mifuko mingi hupotea. Tangazo hubandikwa kwenye ubao wa shule, fomu zinajazwa, watano wanachaguliwa, picha zinapigwa. Wote waliojaza fomu walikuwa tayari wamepata nauli, godoro na tranka. Ndiyo maana waliuona ubao. Aliyeshindwa kabisa yuko nyumbani, analima au amekwenda mjini kufanya kazi za ndani, na nafasi yake inasubiri kupewa mwingine.

Mtafuteni kwa kalenda. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari. Majina ya waliopangiwa kidato cha tano hutangazwa na TAMISEMI mwishoni mwa Mei au Juni, shule kwa shule, pamoja na fomu za kujiunga. Kuripoti ni Julai. Hivyo fedha iwe benki mwishoni mwa Aprili. Siku majina yanapotoka, pakueni orodha ya shule yenu. Inaonyesha shule aliyotoka kila mtoto. Katibu awapigie wakuu wa shule hizo, au waratibu wa elimu kata, swali moja: "Kati ya hawa mliotuletea, yupi mnahofu hataweza kuripoti?" Mwalimu wa darasa anajua jibu bila kufungua faili. Anajua ni nani aliyekuwa akifukuzwa kila mara kwa kukosa viatu na nani alikaa kwa bibi.

Kisha subirini wiki mbili baada ya siku ya kuripoti, mwombe kwa makamu mkuu wa shule orodha ya wasioripoti. Hii ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote kwenye mfuko wenu. Wengine wamehamia shule binafsi, wengine wamechagua chuo cha kati, na hao ni heri kwao. Wapigieni wote, kupitia shule zao za awali kama namba haipo. Watakaosema "tulikuwa tunatafuta nauli" hawatakuwa wengi, na ndio wenu. Zungumzeni na mkuu wa shule mapema kuhusu hao, maana nafasi wazi hujazwa kwenye uchaguzi wa awamu ya pili na dirisha hufungwa.

Chagueni watatu kati ya watano kwa njia hizi mbili, na nafasi mbili ziacheni wazi hadi Septemba. Hizo ni za waliofika kwa kujikokota: anayelala kwenye godoro la mwenzake, ambaye hajaonekana na sabuni, aliyekuja na sare ya shule ya zamani. Matroni na patroni watawaonyesha.

Ziara ya nyumbani ni lazima, na wahitimu wana silaha ambayo shirika kubwa halina: wametawanyika. Mhitimu aliyeko Kasulu anamtembelea mtoto wa Kasulu, aliyeko Newala vivyo hivyo. Waende wawili, asiwepo ndugu wa familia hiyo, na wapite kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa. Msiulize "kipato chenu ni kiasi gani", kwa sababu hakuna mkulima anayeishi kwa mshahara na jibu litakuwa la kukisia. Ulizeni: mwaka jana mlivuna gunia ngapi, mkauza ngapi? Nani alimnunulia viatu vya kidato cha nne? Ni watoto wangapi wanakula hapa jioni? Nani mwingine anamsaidia, TASAF (mfuko wa serikali wa kaya maskini), kanisa, msikiti, CAMFED (shirika linalosomesha wasichana), mjomba? Swali la mwisho linazuia mtoto mmoja kubebwa mara mbili huku jirani yake hana mfadhili hata mmoja.

Toeni alama kwa 100: hali ya kaya 50, hatari ya kukatisha masomo 30, masomo 20. Alama za masomo ziwe chache kwa makusudi. Kila aliyepangiwa kidato cha tano ameshafaulu, na mwenye daraja la kwanza kutoka shule ya gharama atamzidi daima yule aliyepata la tatu akisomea kibatari. Msipe alama kwa neno "yatima" peke yake. Wapo yatima wanaolelewa na wajomba wenye maduka, na wapo wenye wazazi wote wawili wasio na chochote. Wajumbe wasome fomu zikiwa na namba badala ya majina, na mwenye undugu na mwombaji atoke nje ya kikao. Aliyekosa aandikiwe, kwa heshima, sababu moja iliyo wazi.

Fedha itoke vipi

Vifaa vya kuanzia nunueni kwa wingi mjini iliko shule, msivinunue kijijini kwa mtoto. Godoro likipakiwa kwenye basi kutoka mkoa wa mbali linalipiwa mzigo, linalowa mvua, na mara nyingi linafika limechanika. Mtoto asafiri na begi lake. Godoro, tranka na ndoo avikute kwa matroni vikiwa na jina lake. Pateni bei za maduka matatu, mnunue kwa risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), na mjumbe wa kamati asiuze chochote kwa mfuko. Sare zinahitaji vipimo, kwa hiyo elewaneni na fundi cherehani wa jirani na shule awapime wakifika; msinunue kwa kukisia umri.

Nauli itumwe kwa simu ya mzazi siku mbili kabla ya safari, pamoja na makato ya kutoa. Ikitumwa wiki mbili kabla, itaingia kwenye mahitaji mengine ya nyumbani na hakuna wa kumlaumu. Nyumba yenye mgonjwa haiwezi kulaza Sh 45,000 kabatini. Fedha ya matumizi ya mwezi ikae kwa mwalimu mlezi, mtoto asaini kwenye daftari anapochukua, na mtu wenu wa ustawi alikague daftari hilo kila muhula. Fungu la matibabu lilipe hospitali moja kwa moja.

Ulinzi wa mtoto

Mfadhili asiwe na namba ya simu ya mwanafunzi wala mwanafunzi ya mfadhili. Barua na salamu zipite kwa kamati. Hakuna mhitimu anayemtembelea mnufaika peke yake, kumpa lifti, au kumkaribisha kwake likizo. Waelezeni wanafunzi, wakiwa na matroni, kwamba ufadhili hauna malipo ya aina yoyote na kwamba kumtaka mtu rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Wapeni namba ya mwanamke mmoja wa kamati, au wa nje ya kamati, wa kumpigia wakipatwa na jambo. Mhitimu anayelalamikia masharti haya abaki kuwa mchangiaji tu.

Fomu zenu zina habari za magonjwa, vifo na ugomvi wa familia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihusu; zifungieni, na zisirushwe kundini. Picha ya mtoto ameshika hundi kubwa ya karatasi mbele ya shule nzima humtangaza kuwa maskini kwa wenzake atakaolala nao bweni moja miaka miwili. Wachangiaji wapewe taarifa ya hesabu na maendeleo ya wanufaika bila majina: waliopo, waliopanda, waliokwama na kwa nini.

Kubaki naye

Kila muhula pateni kwa shule mahudhurio, matokeo na maneno ya mwalimu mlezi. Msikatishe ufadhili kwa sababu ya alama kushuka. Alama za mtoto wa bweni zikishuka ghafla kuna jambo: macho hayaoni ubaoni, mama anaumwa, tahasusi (mchanganyiko wa masomo yake) haimfai. Miwani ni nafuu kuliko mtoto mwingine kuanza upya. Sababu za kusitisha ziwe mbili tu, kuacha shule kwa hiari na kufukuzwa kwa utaratibu. Binti aliyepata ujauzito hahesabiwi kwenye sababu hizo. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaruhusu waliokatisha masomo kurudi, na fungu lake la miaka miwili litunzwe akirudi.

Kidato cha sita kinapoanza, mtu wa ustawi ashughulikie vyeti. Ombi la mkopo wa chuo kikuu HESLB (Bodi ya Mikopo) linataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, na kwa aliyefiwa, cheti cha kifo cha mzazi, nacho kimehakikiwa. Wengi wa watoto wenu hawana kimojawapo, au majina ya kwenye cheti hayafanani na ya NECTA. Kusahihisha huchukua miezi, kwa hiyo anzeni Julai, mwaka mzima kabla ya dirisha la maombi.

Mtihani ukiisha Mei, wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria muda mfupi baadaye. Barua ya wito huorodhesha vifaa: bukta ya bluu iliyokoza isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, pamoja na nauli ya kufika kambini. Hakuna bajeti ya ufadhili inayoikumbuka orodha hii. Itoeni kwenye lile salio la Sh 1,245,000. Kambini nafasi ya kutumia simu ni finyu, na maombi ya mkopo na ya vyuo hufunguliwa katika miezi hiyohiyo. Kabla hajaondoka awe amekabidhi kwa mzazi na kwa kamati nakala za vyeti vyote, picha ndogo, kitambulisho cha mdhamini, na orodha ya kozi anazozitaka kwa mpangilio. Akipata chuo na mkopo, bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo) huingia baada ya kusajiliwa. Nauli ya kumfikisha chuoni, chumba na chakula cha wiki za mwanzo vitengwe tangu Agosti.